Jim Gray: Mwasisi wa kanuni za miamala aliyepotelea baharini

Katika benki kubwa za Marekani za miaka ya sabini, mtu aliyeweza kuleta hasara kubwa kwa muda mfupi hakuwa mwizi mwenye bastola, bali mfanyakazi mwaminifu aliyeketi katika chumba chenye baridi, mbele ya skrini ya tarakilishi kuu. Huyu ndiye mwendeshaji wa mitambo. Kwa amri ya maneno mawili au matatu, aliweza kuifunga faili ya akaunti za wateja, kuizuia aina fulani ya muamala isipokelewe, kuikatiza kazi iliyokwama au kuuzima mfumo wote. Akikosea amri moja tu, shughuli katika matawi yote zingeweza kusimama na wateja wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Hatari kubwa zaidi iliukabili muamala uliokuwa katikati ya safari yake. Mteja anahamisha dola 100 kutoka akaunti moja hadi nyingine. Tarakilishi inaipunguza akaunti ya kwanza, kisha umeme unapotea, au mwendeshaji anatoa amri ya kukatiza kazi hiyo, kabla akaunti ya pili haijaongezwa. Je, dola 100 hizo ziko wapi?

Miongoni mwa waliolishughulikia swali hilo kwa kina zaidi ni Mmarekani James Nicholas Gray, almaarufu Jim Gray. Alizaliwa San Francisco, jimbo la California, mnamo Januari 12, 1944. Babake alikuwa mwanajeshi na mamake mwalimu. Familia ilihamia Roma, Italia, akiwa bado mtoto mchanga, na alikaa huko miaka yake ya kwanza kabla ya kurejeshwa Marekani. Baada ya wazazi kutengana, alilelewa na mama huko San Francisco, mji ambao ungebaki kuwa kwao maisha yake yote na ambao bahari yake ndiyo iliyokuja kumchukua.

Mnamo 1961 alijiunga na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, akahitimu shahada ya kwanza ya hisabati na uhandisi mwaka wa 1966. Miaka mitatu baadaye alitunukiwa shahada ya uzamifu katika sayansi ya tarakilishi. Alikuwa mtu wa kwanza kuipata shahada hiyo katika chuo hicho, kwa kuwa somo lenyewe lilikuwa bado changa.

Kampuni ya IBM ilimwajiri mapema katika miaka ya sabini na haikuchukua muda kabla hajahamia maabara yake ya San Jose, mwendo mfupi kusini mwa mji alikozaliwa. Hapo ndipo Mwingereza Edgar Codd alipokuwa amependekeza, mnamo 1970, kwamba data ipangwe katika majedwali na itafutwe kwa maswali mepesi badala ya programu ndefu. Kikundi cha wahandisi kilipewa jukumu la kuthibitisha kuwa wazo hilo linatekelezeka. Mradi wao uliitwa System R, na ndani yake ndimo ilimozaliwa lugha ya SQL ambayo ingali inatumika kote duniani. Gray alipewa sehemu ambayo wengi waliiona kuwa kavu: kuhakikisha kuwa watu wengi wanaweza kuitumia hifadhi moja ya data kwa wakati mmoja bila kuharibiana kazi, na kwamba mtambo ukianguka, hakuna kinachopotea.

Wakati huo IBM tayari ilikuwa na mifumo miwili mikubwa ya kuendesha miamala. Wa kwanza, IMS, ulikuwa na asili yake katika mpango wa Apollo wa kumpeleka binadamu mwezini, ambapo ulihitajika kuorodhesha vipuri vya chombo hicho. Wa pili, CICS, ulitolewa mwaka wa 1969 ukilenga kampuni za umeme na huduma nyinginezo za umma, kisha ukaenea katika benki na mashirika ya bima. Mifumo hiyo ilikuwa na amri zake za mwendeshaji: za kuuliza hali ya kila raslimali, za kufungua na kufunga faili, za kuruhusu na kuzuia miamala, za kuondoa kazi iliyokwama. Ilifanya kazi, tena vizuri. Kilichokosekana ni nadharia ya kueleza ni lini amri hizo zilikuwa salama na ni lini zingezua balaa.

Gray na wenzake walianza na kufuli. Makarani wawili wakisoma salio la akaunti moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akatoa kiasi chake na kuandika salio jipya, basi kazi ya mmoja itafutwa na ya mwenzake. Dawa yake ni kumfungia wa pili nje hadi wa kwanza amalize. Lakini je, ufunge akaunti moja au faili nzima? Ukifunga kidogo kidogo, tarakilishi itachoka kwa kuhesabu kufuli. Ukifunga vyote, foleni haitasonga.

Suluhisho walilochapisha katikati ya miaka ya sabini linaweza kueleweka na yeyote aliyewahi kuishi katika ploti ya kukodisha. Mpangaji anayekifunga chumba chake huacha pia alama langoni, kuonyesha kuwa ndani mna chumba kilichofungwa. Mwenye ploti anayetaka kulifunga jengo zima hahitaji kugonga mlango baada ya mlango. Anatazama lango na kujua kuwa lazima angoje. Wakati huohuo, wapangaji wengine wanaendelea kuingia na kutoka vyumbani mwao. Kufuli za namna hii zinazotangaza nia ya mfungaji zimo katika takriban kila hifadhidata kubwa inayotumika leo.

Suala la pili lilikuwa daftari. Mwenye duka anayeuza kwa mkopo na aliye makini huandika deni kitabuni kabla ya kumkabidhi mteja unga. Akifanya kinyume, halafu mtu akamwita nje, deni husahaulika. Vivyo hivyo, mfumo wa miamala unapaswa kuandika katika daftari lake nia ya kubadilisha akaunti, thamani ya zamani na thamani mpya, kabla ya kuigusa akaunti yenyewe. Mtambo ukizimika, mwendeshaji anapoamuru uwashwe tena, kazi ya kwanza ya mfumo ni kulisoma daftari hilo. Miamala iliyokamilika lakini haikufika kwenye diski hurudiwa. Ile iliyoachwa njiani hufutwa, na akaunti zikarejea zilivyokuwa kana kwamba hakuna aliyezigusa.

Suala la tatu lilikuwa gumu zaidi, nalo ni pale muamala mmoja unapogusa mitambo miwili iliyo mbali. Katika maelezo marefu aliyoyachapisha mwaka wa 1978, Gray alieleza utaratibu wa awamu mbili. Katika maandishi yake alipenda kuulinganisha na harusi. Mfungishaji ndoa humuuliza kwanza bwana iwapo amekubali, kisha bibi. Wote wakikubali, anatangaza kuwa ndoa imefungwa. Mmoja akikataa au kunyamaza, hakuna ndoa. Kadhalika, mtambo mmoja huuliza mingine yote iwapo iko tayari, na ni baada tu ya kila mmoja kuitikia ndipo muamala hutangazwa kuwa umekamilika.

Hata hivyo, utaratibu huo una kipindi kimoja cha kutia wasiwasi. Mtambo ulioitikia kuwa uko tayari, kisha simu ikakatika kabla tangazo halijafika, haujui la kufanya. Hauwezi kukamilisha, hauwezi kufuta. Lazima uzishikilie kufuli zake na kungoja. Muamala wa namna hiyo huitwa muamala ulio katika shaka, na mifumo kama CICS ikaja kumpa mwendeshaji amri ya kuuamulia mwenyewe: aukamilishe au aufute. Ni amri inayohitaji moyo mgumu. Akibahatisha vibaya, tawi moja litasema pesa zilitumwa na jingine litasema hazikutumwa, na hakuna tarakilishi itakayowapatanisha.

Kutokana na kazi hizi, neno muamala lilipata maana thabiti katika taaluma ya tarakilishi. Katika makala ya mwaka wa 1981, Gray alilifafanua kama badiliko ambalo hutendeka lote au halitendeki kabisa, linalofuata kanuni zilizowekwa, na ambalo likishatangazwa kukamilika haliwezi kupotea. Wajerumani wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, waliongeza sifa ya nne miaka miwili baadaye, yaani muamala mmoja usiuone mwingine ukiwa nusu, wakaziunganisha sifa hizo katika kifupisho ambacho kila mwanafunzi wa hifadhidata hukariri.

Mnamo 1980, Gray aliihama IBM na kwenda Tandem, kampuni changa ya California iliyouza tarakilishi zisizosimama. Kila sehemu muhimu ya mitambo yake ilikuwa na pacha wake. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Masoko ya hisa na benki zenye mashine za kutolea pesa zilikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Mtu angedhani kuwa katika kampuni kama hiyo, swali la kwa nini tarakilishi husimama lingekuwa limekwisha. Gray aliona ndio kwanza linaanza.

Alichukua ripoti za hitilafu zilizoifikia kampuni kwa kipindi cha miezi kadhaa, kutoka mifumo zaidi ya 2,000, akazichambua moja baada ya nyingine. Ripoti aliyoitoa mwaka wa 1985 ingali miongoni mwa maandishi yanayorejelewa sana katika fani hiyo. Baada ya kuweka kando mitambo mipya iliyokuwa bado na kasoro za utotoni, alipata kuwa vifaa vyenyewe vilisababisha asilimia 18 tu ya hitilafu. Programu zilichangia asilimia 25, na mazingira, kama vile kupotea kwa umeme, asilimia 14. Asilimia 42 zilitokana na usimamizi wa mfumo: waendeshaji, mafundi wa matengenezo na wale wanaoupanga.

Kosa la aina hii si gumu kufikiria. Diski moja kati ya mbili pacha imeharibika. Mfumo unaendelea na kazi kwa kutumia ile nzima, bila mteja kujua lolote. Fundi anakuja, anakosea namba, anang'oa nzima na kuacha mbovu. Ama mwendeshaji, akiwa amechoka saa tisa usiku, anataka kukatiza kazi moja na kuandika namba ya nyingine. Ulinzi wote uliogharimu mamilioni ya dola huporomoka kwa kidole kimoja.

Ni hapa ambapo busara ya Gray ilijitokeza. Ingekuwa rahisi kwake kupendekeza waendeshaji waadhibiwe, au wapewe vitabu vinene zaidi vya amri. Yeye hakulenga watu. Alichukulia kuwa binadamu atakosea tu, hata awe hodari namna gani, na kwamba kosa ni la mfumo unaomtaka afanye maamuzi mengi kupita kiasi. Kwa hivyo alishauri kazi za mwendeshaji zipunguzwe: mfumo ujipange wenyewe, uendelee wenyewe panapowezekana, na yale machache yaliyobaki kwa binadamu yawe mepesi na yenye mpangilio mmoja. Ushauri huo unasikika wa kawaida leo. Katika enzi ambapo ustadi wa mwendeshaji ulipimwa kwa wingi wa amri alizokariri, haukuwa wa kawaida hata kidogo.

Ripoti hiyohiyo ilitoa maelezo ya kuvutia kuhusu kasoro za programu. Gray alizigawa katika makundi mawili. Kuna zile ngumu, ambazo hutokea kila mara jambo fulani likifanywa, na hizo hunaswa mapema. Kisha kuna zile laini zinazotoweka pindi mtu anapozitafuta, ambazo ziliitwa kwa jina la mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg. Kwa kuwa kasoro hizi hutegemea bahati ya wakati, mara nyingi muamala ukifutwa na kurudiwa, hufaulu. Hivyo kanuni ya yote au hakuna, iliyobuniwa kulinda pesa, ikageuka pia kuwa kinga dhidi ya makosa ya waandishi wa programu. Alipoirudia hesabu yake miaka mitano baadaye, programu ndizo zilizokuwa zikisababisha zaidi ya nusu ya hitilafu, huku vifaa vikizidi kuwa imara.

Mwaka huohuo wa 1985, toleo la Aprili 1 la jarida la Datamation lilibeba makala isiyo na jina la mwandishi kuhusu jinsi ya kupima nguvu za mifumo ya miamala. Mwandishi mkuu alikuwa Gray, akisaidiwa na wenzake wengi kutoka kampuni zilizokuwa zikishindana, na hiyo ndiyo sababu ya kufichwa kwa majina. Walibuni benki ya kufikirika: matawi 1,000, makarani 10,000 na akaunti milioni 10, ikitakiwa kushughulikia miamala 100 kila sekunde. Wauzaji waliokuwa wakijigamba bila kipimo sasa walikuwa na mtihani mmoja wa kufanya, na gharama ya kila muamala ikahesabiwa pia. Baraza la kusimamia vipimo vya aina hiyo liliundwa mwaka wa 1988.

Gray alijiunga na kampuni ya Digital mwaka wa 1990. Akiwa huko alishirikiana na Reuter kuandika kitabu kuhusu uendeshaji wa miamala chenye kurasa zaidi ya 1,000, ambacho wahandisi wengi walikihesabu kuwa msahafu wa fani yao. Mnamo 1995 alichukuliwa na Microsoft. Hakutaka kuhamia makao makuu ya kampuni hiyo kaskazini, katika jimbo la Washington, hivyo kampuni ikamfungulia maabara San Francisco. Mwaka wa 1998 alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo katika sayansi ya tarakilishi ina hadhi sawa na ya Nobel.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa wanasayansi. Alisaidia kuunda TerraServer, hifadhi ya picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani ambayo umma uliweza kuitazama kupitia mtandao miaka kadhaa kabla ya huduma za ramani zilizopo sasa. Akishirikiana na mwanafizikia wa nyota Alex Szalay, aliweka kwenye hifadhidata ya wazi picha na vipimo vya nyota vilivyokusanywa na darubini iliyoko New Mexico. Waliofanya naye kazi walimkumbuka kama mtu aliyekuwa na wakati wa kumsikiliza mwanafunzi asiyejulikana kama alivyomsikiliza mkuu wa kampuni.

Asubuhi ya Jumapili, Januari 28, 2007, Gray aliondoka peke yake katika bandari ya San Francisco akiwa na mashua yake ya tanga, Tenacious, yenye urefu wa futi 40. Alikuwa akielekea Visiwa vya Farallon, takriban kilomita 43 kutoka mlango wa ghuba, kwenda kuyatawanya majivu ya mamake. Hali ya hewa ilikuwa shwari na yeye alikuwa baharia mzoefu. Hakurejea, wala hakutuma ishara yoyote ya kuomba msaada.

Walinzi wa pwani walimsaka kwa siku nne kwa meli na ndege bila kupata hata kipande cha mbao. Hapo marafiki zake wakaingilia kati kwa njia aliyowafundisha wenyewe. Setilaiti zilielekezwa kupiga picha za bahari, picha zikakatwa vipande vidogo vidogo na kuwekwa kwenye mtandao, na maelfu ya watu wa kujitolea wakaketi nyumbani kwao kuzikagua moja moja. Wataalamu walichora mwelekeo wa mikondo ya maji. Ndege za kukodiwa zilitumwa kila palipoonekana kivuli kinachofanana na mashua. Katikati ya Februari msako huo ulisitishwa. Familia iliendelea kwa miezi kadhaa kuchunguza sakafu ya bahari kwa vyombo vya sauti, lakini mashua haikuonekana.

Mnamo Machi 6, 2007, wiki tano baada ya Gray kutoweka, Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya. Kila anayetuma pesa kwa simu huitegemea kanuni aliyoipigania mtu huyo kule San Jose, hata kama hajawahi kulisikia jina lake: salio la mtumaji lisipungue iwapo la mpokeaji halitaongezeka.

Marafiki na wanafunzi wake walikutana Berkeley mnamo Mei 31, 2008 kumuenzi. Kwa heshima kwa familia, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kifo, mkutano huo haukuitwa wa mazishi wala wa kumbukumbu ya marehemu. Kwa mujibu wa sheria, mtu aliyetoweka bila mabaki yake kupatikana hakuhesabika kuwa hai wala mfu, na mambo yake yakabaki yamefungwa, mithili ya ile miamala iliyo katika shaka aliyoieleza mwaka wa 1978. Ilichukua miaka mitano. Ni mwaka wa 2012 ambapo alitangazwa kisheria kuwa amefariki. Tenacious haijapatikana hadi leo.